Mwavuli wa Faru Haufiki Shengena

Nchi nzima inatucheka Wapare kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Sikatai. Nimekulia Kihurio, wilaya ya Same, na nimeona shauri la mpaka wa shamba, mpaka wenyewe hauzidi upana wa jembe, likipanda kutoka baraza la kata mpaka wilayani, wadaawa wakisafiri basi moja kwenda na kurudi huku wamenuniana. Basi nisichekwe mara ya pili nikisema leo nafungua kesi ya chura.

Ninayemshitaki si faru. Faru simdai kitu. Naishitaki kauli moja ambayo nimeisikia kwenye semina, redioni, kwa waongoza watalii na kwa walimu wa shule, mpaka imekuwa kama sala: mlinde mnyama mkubwa, na wadogo wote walio chini yake watakuwa wamelindika. Wataalamu wameipa jina la heshima. Wanasema faru na tembo ni "spishi mwavuli". Ukishamfungulia faru mwavuli, digidigi, kanga, kobe na mchwa watapata kivuli bila gharama ya ziada. Ni kauli tamu, na ina unafuu wake, maana inampunguzia mtu kazi ya kujifunza majina ya viumbe wengine. Kwa Kihurio haina ukweli.

Simama barabarani, pale magunia ya mpunga yanaposubiri lori. Ukielekeza uso mashariki unaona tambarare ya vichaka inayoyeyukia kwenye joto. Hiyo ni Mkomazi, hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 3,245, na katika kona yake moja, nyuma ya uzio wa umeme, wanaishi faru weusi. Sasa geuka. Mlima ulikuwa umekusimamia mgongoni kama mdai. Huko juu, nyuma ya vijiji na migomba, pasipoonekana kutoka barabarani, ndiko uliko msitu wa Shengena, ambao kwenye karatasi za serikali unaitwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, hekta 14,283, na kilele chake kimepita mita 2,400. Humo ndani anaishi chura ambaye hapatikani penye mlima mwingine wowote duniani.

Shirika la IUCN, lile linalotunza Orodha Nyekundu ya viumbe walio mashakani, limewapanga viumbe kwa madaraja. Faru mweusi yuko daraja la "hatarini sana kutoweka". Juu ya hapo zimebaki ngazi mbili tu: kutoweka porini, na kutoweka kabisa. Chura wa Shengena naye yuko daraja hilohilo. Si daraja la chini kidogo, si la pembeni. Lilelile. Kwenye karatasi, yule wa tani moja na huyu anayeenea kwenye kiganja cha mtoto wamekaa benchi moja la wagonjwa mahututi. Tofauti ni kwamba mmoja ana madaktari wanaokesha naye na mwingine hajaulizwa hata jina.

Kisa cha faru wa Mkomazi kinastahili kusimuliwa vizuri, na anayekibeza hajui jasho lililomwagika. Mkomazi ilitangazwa pori la akiba mwaka 1951 na faru walikuwamo wengi. Ujangili ukawafagia. Miaka ya 1980 ilipokuwa ikiisha hapakuwa na faru hata mmoja wa kusingizia. Mwaka 1989 akaja Mwingereza Tony Fitzjohn, aliyekuwa amefanya kazi na George Adamson, mzee wa simba kule Kora nchini Kenya, naye akakaa Mkomazi kwa miongo mitatu. Mwaka 1997 walishushwa faru 4 kutoka Addo, Afrika Kusini. Mwaka 2001 wakaja wengine 4. Mwaka 2009 walikuja 3 kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika Jamhuri ya Cheki, mwaka 2012 wakaja 3 kutoka Port Lympne, Uingereza, na mwaka 2016 akaletwa jike aitwaye Eliska, naye kutoka Cheki. Hata hao wa Addo asili yao si Afrika Kusini: wazee wao walichukuliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo damu iliyotoka Kenya ilikwenda mpaka karibu na Port Elizabeth, ikazaliana, kisha ikarudishwa kwa ndege mpaka jirani na nilipozaliwa mimi.

Nakisifu kisa hiki. Ila watu wanakisoma nusu. Kinachosemwa sana ni kwamba faru alikaribia kuisha. Kisichosemwa ni kwamba faru ana pa kutokea. Barani Afrika faru weusi walikadiriwa kuwa 65,000 mwaka 1970, wakashuka mpaka kama 2,400 mwaka 1995, na leo wamepita 6,000. Mkomazi ilikauka kabisa ikajazwa upya, kama mtungi. Iliwezekana kwa sababu mitungi mingine ilikuwepo: Afrika Kusini, Kenya, Cheki, Uingereza. Faru ni mnyama anayeweza kupakiwa kwenye sanduku la chuma, akapewa sindano ya usingizi, akavuka bahari na kuamka kwenye majani.

Chura wa Shengena mtungi wake ni mmoja.

Alipewa jina la kisayansi mwaka 2010, *Callulina shengena*. Waraka huohuo ulimtangaza ndugu yake wa msitu huohuo, *Callulina stanleyi*, na mwingine wa Upare Kaskazini, *Callulina laphami*. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametangazwa binamu yao wa milima ya Taita, ng'ambo ya mpaka, *Callulina dawida*. Mnaona mtindo? Kila mlima na wake. Milima hii ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita mpaka Udzungwa, imepangana kama visiwa, na kati ya kisiwa na kisiwa kuna nyika kavu. Tambarare ya Mkomazi ambayo kwa faru ni nyumba, kwa chura ni bahari. Hawezi kuivuka, na mamia kwa maelfu ya miaka ya kutovuka ndiyo iliyomfanya awe yeye na asiwe wa Taita.

Kiswahili bado hatujampa jina. Nilipanda Shengena nikiwa na kijana mmoja wa kule juu anayefahamu njia za msituni, tukakaa mpaka giza likaingia. Baridi ya kule ni ya kuuma masikio. Mtu wa Kihurio, aliyezoea kulala bila shuka, anajuta mapema. Ukungu ulikuwa ukishuka na kuchuruzika kwenye majani hata bila mvua, tone moja moja, kama bomba lisilofungika vizuri. Kijana akamulika tochi kwenye kijiti cha jani la kangaga, usawa wa goti. Mwanzoni sikuona kitu. Akanishika mkono akauelekeza. Palikuwa na kidonge cha udongo chenye macho. Ngozi imejaa vijipele, rangi ya kahawia iliyolowa, vidole vimeshika kijiti kama mtoto aliyeshika nguzo ya basi. Nilitegemea aruke. Hakuruka. Aliinua mkono mmoja taratibu, akausimamisha hewani kana kwamba anakumbuka jambo, kisha akauweka mbele na kupanda hatua moja. "Huyu haruki, anatembea," kijana akaninong'oneza. Kama alikuwa *shengena* mwenyewe au ndugu yake *stanleyi* siwezi kuapa. Wanatofautishwa kwa vitu ambavyo macho yangu hayana elimu navyo.

Tuna methali kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ndivyo tunavyomjua chura: wa bwawani, mwenye makelele, asiye na nguvu. Huyu hahusiki na methali hiyo. Hana haja ya bwawa. Vyura wa jamii yake hutaga mayai nchi kavu, kwenye udongo na majani yaliyooza, na kiluwiluwi hukua humohumo ndani ya yai mpaka anatoka chura mdogo kamili. Maji anayoyahitaji ni unyevu wa msitu wenyewe: kivuli juu, ukungu katikati, zulia la majani chini. Ukitaka kumsaidia chura wa bwawani unaweza kuchimba bwawa. Huyu utamchimbia nini? Ondoa miti mikubwa mitano, jua lifike chini, zulia likauke kwa wiki mbili za kiangazi, na hutaona mzoga wala damu. Hakuna risasi itakayosikika. Hatakuwepo tu.

Hapo ndipo mwenye kauli ya mwavuli hunijibu, nami nataka nimtendee haki, maana majibu yake hayakosi akili.

Kwanza husema: faru huleta fedha, na fedha ya faru italinda na vingine. Niambie basi inapandaje mlima. Mkomazi iko chini ya shirika la hifadhi za taifa, TANAPA. Msitu wa Chome uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Wizara ni moja, lakini mafungu ni mawili, magari mawili, sare mbili. Mtalii anayelipa getini kumwona faru hajamlipia chura hata senti, na wala hajui kwamba mlima ule wa bluu anaopigia picha nyuma ya pundamilia una kitu chochote zaidi ya ubluu. Tukitaka kuhesabu fedha, tuhesabu zote. Mpunga wa Ndungu, ile skimu iliyojengwa kwa msaada wa Japani, unakunywa mto Yongoma. Maore wanakunywa Hingilili. Mito hiyo haizaliwi Mkomazi. Inashuka kutoka mlimani, inalisha majaruba, inaingia mto Mkomazi, na mto Mkomazi unamwaga Pangani, na Pangani ndiyo inayozungusha mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls. Tangawizi ya Mamba Miamba, inayoshuka kwa magunia mpaka gari zinalia breki, inaota kwa unyevu wa mlima. Watu wa Kihurio wanaokula wali wanakula mlima. Sijasikia aliyekula faru, labda jangili.

Lakini nisijidanganye: hoja ya fedha ni mtego hata ikiwa upande wangu. Nikisema chura alindwe kwa sababu msitu wake unatupa maji, atatokea mtu aniambie kwamba maji yanaweza kupatikana kwa msitu wa mikaratusi au kwa bwawa la saruji, na chura wangu atakuwa amefia mahakamani kwa hoja ya wakili wake mwenyewe. Maji nayataja ili kumjibu anayetaja fedha. Kesi ya chura inasimama bila maji.

Jibu la pili ni hili: msitu umekwisha kuhifadhiwa, una hadhi ya mazingira asilia, ambayo ndiyo hadhi kubwa kuliko zote kwa misitu, unataka nini tena? Nataka tulinganishe neno "kuhifadhiwa" pale na hapa. Kwa faru, kuhifadhiwa maana yake ni uzio wenye umeme, askari wenye bunduki usiku na mchana, kila mnyama na jina lake, na akikohoa anaitiwa daktari. Kwa chura, kuhifadhiwa maana yake ni mstari kwenye ramani na bango lililopauka. Ndani ya mstari huo, kwa miaka mingi, wapasua mbao wamefuata mkulo, mti ule wa mbao ya kunukia isiyoliwa na mchwa, wakauangusha, wakachimba shimo la kupasulia palepale, wakateremsha mbao usiku. Shimo la kupasulia ni kitu kidogo. Lakini mkulo mmoja mkubwa ukianguka unafungua dari, na chini ya dari iliyofunguka hali ya hewa ni ya nchi nyingine. Kuna moto wa kiangazi unaopanda kutoka mashambani. Wamekuwepo na waliotamani boksiti iliyo chini ya udongo wa mlima. Silaumu askari wa misitu; ukiona eneo na idadi yao utawahurumia. Ninachosema ni kwamba neno moja haliwezi kubeba mambo mawili yaliyoachana hivyo.

Na hapa niseme jambo kuhusu majina. Mwaka 2016 Tanzania ilizungumza kuhusu chura na faru, yote mwaka mmoja. Mwezi Mei ilikuwa "Chura", wimbo wa Snura, ambao serikali iliupiga marufuku pamoja na video yake. Mwezi Desemba ilikuwa Faru John. Alihamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Grumeti, akafia huko, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akadai maelezo na pembe yenyewe. Nchi nzima ikawa wapelelezi. Faru mmoja, mzee, alikuwa na jina, na jina likamletea uchunguzi. Faru Fausta wa Ngorongoro, alipokufa Desemba 2019 akiwa na miaka 57, alitangaziwa kifo chake mpaka ng'ambo. Mwaka huohuo wa 2016 sijui ni vyura wangapi wa Shengena waliokauka chini ya mkulo ulioangushwa. Nani angewatangaza? Ukisema "chura" mbele ya Watanzania, nusu watacheka wakikumbuka wimbo, nusu watadhani unawatania mashabiki wa Yanga.

Jibu la tatu ndilo linalonipa shida, kwa sababu halitoki semina. Linatoka kwa jirani zangu. Wanasema: wewe nyamaza na chura wako. Tukimtangaza chura, kesho watakuja na uzio, tutakatazwa kuni, tutakatazwa dawa, tutahamishwa. Wanayo haki ya kuogopa. Mwaka 1988 wafugaji waliondolewa Mkomazi na ng'ombe wao. Baadhi yao walikwenda mahakamani Moshi kudai ardhi, wakaishia bila ardhi. Mtafiti Dan Brockington aliandika kitabu kizima juu ya kuondolewa huko, akaiita aina hiyo ya uhifadhi kwa jina la ngome. Halafu tembo. Tembo hasomi ramani. Usiku anavuka, anaingia kwenye mahindi, anakula na kulala. Kanuni za mwaka 2011 zilitengeneza kifuta jasho na kifuta machozi: kwa shamba, kiwango cha juu kabisa kilikuwa shilingi 100,000 kwa ekari, kwa mtu aliyeuawa, shilingi 1,000,000. Anayelima ndani ya nusu kilomita kutoka mpakani hakupewa kitu. Jirani yangu mmoja alikesha shambani wiki tatu akigonga debe, usiku wa nne wa wiki ya nne akalala. Asubuhi alikuta nyayo za ukubwa wa sinia. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuna kiumbe mwingine anayehitaji kulindwa, anasikia debe.

Lakini hebu tuangalie vizuri hofu hiyo inamhusu nani. Yote waliyoyataja, uzio, bunduki, kuhamishwa, nyayo za ukubwa wa sinia, ni mambo ya mnyama mkubwa. Ni gharama za mwavuli. Chura wa Shengena hali mahindi. Hana pembe, hakuna mtu Hanoi anayemtaka kwa dawa. Hahitaji kilomita 3,000 za mraba, na uzio wa umeme ungemfaa kama viatu. Anachotaka ni miti isimame na majani yaoze. Kama kuna kiumbe ambaye angeweza kulindwa na wanakijiji bila mtu kutoka mbali kuja na amri, ni huyu. Kisha tunamwacha yeye na kumwogopa kwa makosa ya faru.

Tena kulinda kwa namna hiyo si elimu mpya kwa Upare. Kabla ya TFS, kabla ya Mjerumani, koo za Wapare zilikuwa na mpungi, kichaka cha ukoo kisichokatwa, na mshitu, msitu wa jando. Ukikata mti wa mpungi unadaiwa, na aliyekudai hakuhitaji sare. Maji ya ndiva, yale mabwawa ya jadi ya kumwagilia, yaligawanywa kwa zamu na wazee waliojua ni usiku wa nani. Sisemi turudi kulekule. Vingine vilivyofanyika kwenye vichaka vile heri vilivyokwisha. Nasema kwamba desturi ya kuacha kipande cha msitu kwa sababu isiyo ya tumbo tulikuwa nayo, na ilifanana na haja za chura kuliko haja za faru. Kuna na ndege mdogo wa kijani-manjano mwenye duara jeupe machoni, mimi humwita mwenye miwani, ambaye naye yuko Upare Kusini tu. Sayansi imemwandika *Zosterops winifredae*, kwa jina la Winifred, mke wa Moreau, mtafiti aliyekuwa Amani kule Usambara. Mama wa Kiingereza ana ndege mlimani kwetu. Sisi wenye mlima hatuna.

Atakayesema kwamba chura haokoleki, au kwamba Tanzania haina fedha za kumhudumia chura, nampeleka Kihansi. Kwenye korongo la mto Kihansi, Udzungwa, aligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo wa manjano aliyeishi kwenye mvuke wa maporomoko, kwenye eneo la hekta chache tu. Bwawa la umeme la megawati 180 lilikuwa tayari linajengwa. Mwaka 2000 mitambo ikawashwa, maji mengi yakageuzwa, mvuke ukafa. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walikamatwa na kupelekwa Marekani, kwenye bustani ya Bronx na kwingineko. Korongoni zikafungwa bomba za kunyunyiza maji, mitambo ya kuigiza mvua. Mwaka 2003 vyura waliobaki wakaporomoka ghafla. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba ametoweka porini. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa, wazaliwa wa Marekani, raia wa korongo ambalo hawakuwahi kuliona. Kwa hiyo fedha zilipatikana. Ndege ilipatikana, kama ilivyopatikana kwa faru. Zilipatikana baada ya mvuke kufa, na gharama ya kumrudisha korongoni inazidi mara nyingi gharama ya kumwacha alipokuwa. Na chura wa Kihansi alikuwa na bahati: mradi uliomuua ulikuwa na wafadhili, na wafadhili wana aibu. Mkulo unapoangushwa usiku hauna mfadhili wa kuaibishwa.

Ninachodai si kikubwa. Fungu la msitu wa Chome litengwe kwa kuangalia daraja la walio ndani yake, si ukubwa wa miili yao. Vijana wa Mamba, Chome na vijiji vingine vya juu walipwe kuhesabu vyura usiku kama askari wa Mkomazi wanavyolipwa kuhesabu faru. Kazi hiyo inataka tochi, daftari na koti zito. Shule za msingi za Same ziache kumpa mtoto alama kwa kujibu "faru na tembo" peke yake anapoulizwa wanyama walio hatarini, huku mlima unaoonekana kutoka dirishani mwake una wawili wa daraja la faru. Na apewe jina. Baraza la Kiswahili lina kazi nyingi, najua, lakini kiumbe asiye na jina hawezi hata kusingiziwa.

Nilikuwa nikiyasema haya sokoni Kihurio, kwa sauti ya kesi kama ilivyo kawaida yetu, mzee mmoja aliyeshuka na tangawizi kutoka Mamba akanisikiliza mpaka mwisho, ameegemea gunia.

"Huyo chura analiwa?"

"Hapana, mzee."

"Anakula mazao?"

"Hali, mzee. Anakula wadudu tu."

Akafikiri, akapangusa udongo wa tangawizi kwenye vidole. "Mpungi wa kwetu ilibaki miti minne. Chini yake pana giza hata mchana. Sijui kama kuna chura, sijawahi kumtafuta chura mimi. Nikupeleke?"

Nikamwambia nitapanda Jumamosi.

"Jumamosi mimi Msabato," akasema. "Njoo Jumapili, na tochi uje nayo mwenyewe."